Ziwa Aliloshona Mama

Mama alikubali kushona ziwa, lakini alikataa kuja kuliona.

Mwaka huo kwaya yetu ya Gisenyi iliungana na kwaya moja ya Nyundo kutayarisha mchezo wa nyimbo kuhusu mfalme wa zamani aliyeondolewa na Wabelgiji, akahamishwa yeye na mama yake mzazi. Aliyeutunga alikuwa mwalimu wa sekondari aliyekulia Tanzania, ndiyo sababu askari na wabebaji mizigo waliimba kwa Kiswahili, na watu wa ikulu kwa Kinyarwanda. Hakutaja jina la mtu hata mmoja. Alisema kila atakayeketi ukumbini atajua ni nani.

Ziwa lilikuwa kitambaa chepesi cha bluu, kipana kama jukwaa zima. Watu kumi na sita tulitakiwa kuinama chini yake tukitikise. Mimi nilitiwa humo kwa sababu ukarani wangu katika ofisi ya serikali ya sekta yetu ulinichelewesha mazoezini, na mwalimu alisema maji hayahitaji kukariri maneno.

Mama aliunganisha vipande kwa cherehani yake barazani, siku nne mfululizo. Alipokata uzi wa mwisho alinikabidhi furushi.

"Nimeshona. Lakini kuona, hapana. Mi ni mutu wa kanisa. Ngoma za mufalme ziko na mambo yake."

"Ni mchezo tu, Mama."

"Hata kama."

Sikumbishia. Nilijua kwamba babu yake, aliyemlea upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, baada ya familia kukimbilia huko, alikuwa mtu wa enzi hizo za wafalme. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Kila nilipomuuliza habari za babu huyo, alipata kazi ya kufanya jikoni.

Nafasi ya mama wa mfalme alipewa mama mmoja wa Cyanzarwe anayevuka mpaka kila asubuhi na beseni la karoti kichwani. Ni mtu wa maneno machache. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo kwa sababu ya kuita wateja, na mwanzoni baadhi yetu tulishangaa mwalimu amemchagulia nini. Alikuja mazoezini na kitenge chake cha sokoni, akavua ndala, akasimama pembeni akingoja zamu yake.

Siku ya onyesho, Jumapili mchana baada ya ibada, ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nyuma ya pazia nikingoja sehemu ya ziwa, naona jukwaa lote kwa ubavu. Ofisa wa Kibelgiji aliingia na karatasi, akasoma kwamba mfalme si mfalme tena. Mkalimani akatafsiri. Mama wa mfalme alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo umenyooka, ushanga mweupe kwenye paji la uso. Hakumtazama yule ofisa hata mara moja. Alimtazama mkalimani, mtu wa nchi yake, akaanza kumwimbia yeye peke yake, polepole, kwa sauti ileile iliyokwaruza. Alimwuliza kama mama yake yu hai, na kama amekula. Mkalimani alipaswa kutafsiri maneno hayo kwa bwana wake. Alifungua kinywa, akakifunga.

Mwanamke huyu nilimwona jana yake tu, kwenye barrière ndogo, kizuizi cha mpakani, akibishana juu ya nafasi kwenye foleni.

Kisha zikaja ngoma. Wapigaji tisa waliingia, wakainua fimbo zao juu, na sote tukajiandaa kwa mshindo. Haukuja. Fimbo zilibaki hewani, zimetulia, wakati mfalme akivua taji na kuliweka chini. Niliona mikono ya wapigaji ikianza kutetemeka kwa uzito. Hakuna aliyepiga. Walizishusha taratibu, wakatoka. Nimesikia ngoma nyingi maishani, za harusi na za sikukuu, lakini hakuna iliyonigonga kifuani kama hizo ambazo hazikulia.

Hapo ndipo nilipomwona Mama. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mkoba kwapani. Baadaye aliniambia alikuja kuhakikisha mishono haijaachia.

Tukaingia chini ya kitambaa. Kwa kuwa kilikuwa chepesi, niliona kila kitu, ila kwa rangi ya bluu. Wabebaji sita walishuka na machela ya mama wa mfalme, wakaiweka ukingoni mwa maji, wakaondoka haraka kama walivyofundishwa. Tukaanza kutikisa. Yule mama wa karoti akaingia katikati yetu kwa miguu mitupu, mwanawe nyuma yake, na ziwa likawapanda hadi magotini, hadi kiunoni. Alipopita karibu nami, ncha ya vazi lake iligusa kitambaa kichwani pangu. Nilisahau kutikisa. Kwa muda ule hakuwa mtu ninayemfahamu.

Tulipotoka nje Mama hakunipongeza. Tulitembea hadi nyumbani, akaweka maji ya chai, kisha akasema, "Ile ya mwisho si vile."

"Ipi, Mama?"

"Wale wa machela. Hawakuondoka." Aliketi. "Babu yangu alikuwa ndani yao. Alikuwa kijana. Walimubeba mama ya mufalme mpaka kwenye ziwa, kule kusini, wakashusha. Hakuna mutu aliwaambia sasa mufanye nini. Donc, basi, walisimama. Mutumbwi ukaenda, wao wakasimama tu, mpaka hauonekane tena. Askari alikuja kuwafukuza na fimbo."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alichezea kifuniko cha birika. "Babu alikuwa anasikia aibu. Alisema, mi nilimubeba mwenyewe, na mabega yangu, nikamupeleka mahali asingerudi. Kanisani aliungama hiyo kama zambi. Mi nilifikiri ni zambi kweli."

Nilimmiminia chai.

Siku iliyofuata nilimpigia mwalimu. Alikuja jioni hiyohiyo, akavua kofia mlangoni, akamsikiliza Mama kwa saa nzima bila kuandika kitu. Aliuliza swali moja tu: "Samahani, Mama, walisimama wakiitazama nchi au wakilitazama ziwa?"

"Ziwa," Mama alijibu. "Wangeangalia nini ingine?"

Onyesho la pili tulilifanya Nyundo, kwenye uwanja wa shule, mbele ya watu wengi zaidi. Mama aliketi mstari wa kwanza. Nikiwa chini ya kitambaa niliona wabebaji wakishusha machela, kisha wakasimama bega kwa bega, mikono imelegea, macho yamelielekea ziwa. Yaani walitutazama sisi. Mama wa mfalme akapita, mwanawe akapita, wimbo ukaisha, na wale sita wakabaki palepale. Hapakuwa na ala wala neno. Upepo ulikuwa ukiinua kitambaa, ukakitikisa vizuri kuliko sisi, nasi tukakiachia.

Sijui walisimama muda gani. Nyuma yao, katika ule mstari wa kwanza, mama yangu aliinuka, akakunja mkono juu ya tumbo lake kama afanyavyo kanisani, akasimama nao. Mzee aliyekuwa kando yake akainuka. Kisha mstari mzima, kisha uwanja, bila makofi, watu wote wameelekea upande mmoja.