Sauti Iliyozunguka Kabla ya Nusu Fainali

Jiwe la kwanza lililotua kwenye bati letu lilirushwa na fundi viatu wa mtaani kwetu. Asubuhi ya siku hiyohiyo alinishonea kiatu akakataa hela, eti mke wa kipa halipi.

Jioni alitaka kutuchoma.

Niite Amenan. Majina yote humu nimeyabadilisha, na mtaelewa kwa nini.

Tulikuwa tunaishi Bouaké, mji wa Ivory Coast. Mume wangu, N'Dri, alikuwa kipa namba moja wa timu ya mji. Mwaka ule tuliingia hatua ya mtoano ya Klabu Bingwa Afrika kwa mara ya kwanza. Robo fainali ikaamuliwa kwa matuta, N'Dri akapangua mawili. Watu walimbeba mabegani mpaka mlangoni kwetu, na jirani mmoja akampa mwanawe jina lake.

Nusu fainali tukakutana na Waarabu. Kwao tulitoka moja moja. Kwa hiyo nyumbani, hata suluhu ya bila bila ilitosha kutupeleka fainali kwa bao la ugenini.

Mpaka zinabaki dakika chache ilikuwa bila bila.

Kisha likapigwa shuti la mbali, jepesi, la kudaka huku unapiga miayo. Nikaona kwenye televisheni mpira ukipita katikati ya mikono ya mume wangu kama kipande cha sabuni.

Mechi ikaisha hivyo.

Mama Ahou, mama mkwe wangu, alizima televisheni akaniambia nikafunge geti.

Ndani tulikuwa watatu: mimi, Mama, na Loukou, binamu yake N'Dri. Loukou alikuwa yatima. N'Dri ndiye aliyemtoa kijijini, akamfundisha kudaka, akamwingiza kwenye timu ileile awe kipa wa akiba. Mechi hiyo kocha alimwacha nje ya kikosi, ndiyo maana alikuwa nyumbani.

Loukou akachukua mchi wa kutwangia foutou, ugali wetu wa ndizi na mihogo, akasimama nyuma ya mlango.

"Shemeji, haingii mtu humu mimi nikiwa hai."

Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kagiza kalikuwa kanaanza walipofika. Honi za pikipiki kwanza. Halafu ule wimbo wa robo fainali wenye jina la mume wangu, ila maneno wameyageuza. Sasa anaitwa muuzaji.

Halafu harufu ya tairi linaloungua.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa sijawahi kuogopa. Nilidhani nimewahi, kumbe bado. Nampigia N'Dri, hapatikani. Nampigia tena, hapatikani.

Dada yangu akanitumia sauti iliyorekodiwa. Akasema ndiyo inayozunguka mji mzima tangu mchana, kwamba mwanzoni watu waliipuuza, lakini baada ya lile bao kila mtu anaiamini.

Nikaingia chumbani, nikabana simu sikioni.

Mwanaume ananong'ona, kama kaziba mdomo kwa kitambaa. Anasema N'Dri kaonekana hotelini na Waarabu. Kauza mechi. Leo ataachia bao, mtaona.

Nikairudia.

Mara ya pili nikasikia kitu kingine, nyuma yake. Mwanamke, kwa mbali, anafokea kuku walioingia kwenye attiéké yake, chenga za muhogo alizoanika.

Ilikuwa sauti ya Mama Ahou.

Kuku waliingia kweli mchana ule. Mama akawakimbiza uani na ufagio, mimi nafua. N'Dri alikuwa kambini wiki nzima. Mwanaume aliyekuwepo hapo nyumbani alikuwa mmoja tu.

Nje kuna watu na moto wao. Ndani, mlinzi wetu ndiye aliyewaita.

Nilipotoka chumbani Loukou alinitazama usoni, kisha akaitazama simu. Akarudi nyuma hatua moja, mchi bado mikononi.

Geti likagongwa. Alikuwa Drissa, kiongozi wa mashabiki, mtu ambaye uwanja mzima humsikiliza yeye kuliko kocha. Akasema nitoke tuzungumze, la sivyo wanaingia.

Jibu nilikuwa nalo mkononi. Ni kubonyeza tu, waisikie sauti ya Mama, wamalizie hesabu wenyewe. Wangemwacha mume wangu. Lakini Loukou wasingempeleka polisi. Nilimwangalia Mama Ahou, mtoto wa marehemu kaka yake amesimama pembeni yake, na nikatembea mpaka getini.

Nikaongea kupitia upenyo.

"Kaka Drissa, ile sauti uliipata lini?"

"Mchana. Kabla ya mechi."

"Anayeongea ni nani?"

Drissa akatazama simu yake.

"Humjui. Umekuja kuchoma nyumba ya watu kwa maneno ya mtu usiyemjua."

"Wewe unamjua?"

Loukou alikuwa mlangoni nyuma yangu, anasikia kila neno.

"Simjui," nikasema.

Drissa akawageukia wenzake akawaambia wangoje, wakaanza kubishana. Wapo waliosema na yeye keshanunuliwa. Mawe yalizidi, dirisha la jikoni likaenda. Lakini hakuna aliyeruka ukuta, na mabishano yale ndiyo yaliyotuweka hai mpaka askari wakafika na mabomu ya machozi.

N'Dri aliletwa na gari la askari, bado kavaa jezi. Alinipita. Akaenda moja kwa moja kwa Loukou, nikajua leo anamuua.

Akamtoa mchi mikononi, akauegemeza ukutani.

"Wakati wa mapumziko wenzangu walinisikilizisha ile sauti," akasema. "Wao walikuwa wanacheka. Mimi nikamsikia Mama."

Loukou akakaa chini.

"Kipindi cha pili chote nilikuwa nakuwaza wewe. Mpira ule sikuuona, Loukou. Niliuona ukiwa nyavuni."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia kocha. Alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu.

"Wangemuua, Amenan."

Loukou alilia mpaka akatapika. Alitaka kocha amtilie shaka N'Dri tu, ili fainali akae yeye golini. Hakufikiria zaidi ya hapo. Na fainali yenyewe aliiua mwenyewe.

Kulipokucha N'Dri alimsindikiza kituo cha mabasi akiwa amemfunika kwa koti lake asitambulike, kisha akarudi akalala siku nzima.

Hakudaka tena. Tulihama, sasa anafundisha watoto kudaka, na anafundisha vizuri. Bado wapo wanaomwita muuzaji, na hajawahi kujitetea hata kwa neno moja.

Ukitumiwa sauti isiyo na jina, usiisambaze. Iache ifie kwenye simu yako. Hujui ni nyumba ya nani itakayozingirwa jioni, na anayeumia wa kwanza anaweza kuwa yuleyule aliyekuwa anakutetea.