Ndege Hawasubiri Maharage

Nikiikumbuka siku ile niliyoamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kule Magoma, mwanangu, kichwa hunizunguka mpaka leo. Nilikuwa msichana. Bibi, mzaa mama yangu, alinipandisha kwenye dungu, kile kichanja cha miti tunachokijenga katikati ya shamba la mpunga. Pembeni alikuwa na kipande kidogo cha mpunga wa mbegu, ule wa kunukia aliorithi kwa mama yake.

"Kazi yako ndege tu," aliniambia. "Mimi naenda Kerenge, msibani."

Ndege tu! Nikajiona mjanja. Nikainjika maharage chini ya dungu, nikachukua ukindu nisuke mkeka, na mbuzi nikamfunga karibu nimchunge humo humo. Jua lilipopanda, maharage yakafurika, mbuzi akakata kamba, na kwelea kwelea wakashuka kundi zima. Nikaruka kumfuata mbuzi, nikakumbuka maharage, nikarudi. Nikapanda dungu, nikashika kombeo, kumbe nimetia kitunguu badala ya donge la udongo. Nikakirusha hivyo hivyo! Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, sijui nianzie wapi.

Bibi aliporudi alikuta masuke ya mbegu yamebaki makapi.

"Ulikuwa unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Bibi, nilikuwa..." Nilikuwa nafanya yote, na sikuwa na hata moja la kumwonyesha. Maharage yameungua, mkeka haujafika upana wa kiganja, mbuzi yuko kwa jirani.

Hakunipiga, na heri angenipiga. Alisema tu, "Ndege hawasubiri maharage yaive." Kisha akapanda dunguni na mguu wake mbovu, alinde masuke machache yaliyosalia. Nilimwita ale. Akajibu bila kugeuka, "Kwanza hili." Niliona aibu mpaka njaa ikanitoka.

Sasa wewe, mwanangu. Jana umenipa shikamoo macho yako kwenye simu, sikio kwa rafiki yako, mkono unamimina chai mpaka ikamwagika. Niliitikia marahaba, lakini kwa kweli sikujua umenisalimu mimi au simu. Labda vijana mna vichwa vya namna nyingine siku hizi. Mimi nikiwatazama nachanganyikiwa tu.

Ila njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne. Shika moja, limalize, ndipo ushike la pili. Ukisoma, soma. Ukiwa kwenye bodaboda yako, simu iite mpaka ichoke. Ukikaa na mtu, kaa naye.

Masuke yale machache hayakutosha mbegu. Tangu hapo nimenusa mchele wa kila gunia soko la Korogwe, na ule wa bibi sijauona tena. Nenda, mwanangu. Mungu akutulizie moyo, na hilo moja ulilolishika lisikuponyoke.