Jukwaa Lisilotaka Bikira

Etelvina Passos alikuwa na miaka saba padri alipomfungia baba yake mlango wa kanisa. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria wa Rozari, na baba ndiye kapteni wa kikosi cha ngoma kiitwacho Moçambique, wale Weusi wa jimbo la Minas, Brazili, wanaovaa vikopo vya mbegu vifundoni na kumchezea Bikira kama mababu zao watumwa walivyomchezea. Padri alisema ngoma ni za shetani. Baba akapiga magoti kwenye ngazi, juani, akaimba sala nzima mbele ya mbao za mlango. Tangu siku hiyo ukimtajia Etelvina neno ruhusa, anakunja uso.

Alikua, akapika shuleni miaka thelathini na mmoja, akamzika mume, akarithi fimbo ya ukapteni. Wanaume walinung'unika, mwanamke tangu lini? Akaigonga fimbo chini, ngoma zikaitika, maneno yakaisha.

Mwaka huu manispaa ikaleta afisa mpya wa utamaduni, Wanderlei, mwenye manukato mengi na upole wa kuudhi. Alimkuta Etelvina jikoni akichambua maharage ya sikukuu.

"Mama, Jumamosi tunasherehekea urithi wa Weusi uwanjani. Mtatuchezea dakika kumi."

"Na Bikira?"

"Apumzike nyumbani. Hii ni ya utamaduni, si ya dini. Wafadhili wana mambo yao."

"Ukiitoa imani hapo, baba, kinabaki nini? Wazee wanaorukaruka na makopo miguuni."

Wanderlei akacheka. Kisha akasema, kwa upole uleule, kwamba kibali cha kufunga barabara kwa maandamano ya Bikira Jumapili bado kiko mezani kwake, hakijasainiwa.

Etelvina akalisukuma sinia kwa hasira, maharage yakamwagika. Huyu mtu anayelipwa kuulinda urithi wao alikuwa anawauzia barabara yao wenyewe!

Jumamosi wakaenda, na Bikira wakamchukua. Nyuma ya jukwaa mabaunsa wakawazuia: sanamu haipandi. Juvenal, mtoto wa kaka yake, mwanamume wa miaka hamsini, akamweka Bikira juu ya kiti nyuma ya pazia, machozi yanamlenga.

"Shangazi, turudi zetu."

"Tukirudi watasema tumeogopa. Pandeni."

Sasa, katika Moçambique hakuna anayempa Bikira kisogo. Hata kanisani wanatoka kinyumenyume mpaka barabarani. Wanderlei alikuwa amechapisha kijitabu kizima juu ya kikosi hicho, picha tele, lakini hilo hakuwahi kuliuliza. Etelvina akagonga fimbo, na watu ishirini na sita wakageukia pazia. Meya na wageni wake wakaonyeshwa migongo.

Wanderlei akapanda ameinama, jasho linamtoka.

"Mama, nakuomba, wageuze. Watu wamekuja kuwaona ninyi."

"Si wanatuona? Sisi tumekuja kumwona yeye, na aliyemweka huko nyuma ni wewe."

Wakaimba. Hawakuimba dakika kumi, waliimba sala yote. Waliokuwa kwenye viti vya mbele walidhani ni mtindo, wakapiga makofi. Lakini bibi mmoja wa mtaani akaelewa. Akainuka, akajikokota kulizunguka jukwaa, akaenda kusimama upande wa Bikira. Akafuata mwingine, kisha benchi zima. Wimbo ulipofika mwisho, Meya alikuwa amebaki na wafadhili wake na viti vitupu, na Etelvina akawatangazia waliozunguka kwamba kesho saa tatu asubuhi Bikira anatoka.

Wanderlei akamsubiri Etelvina chini ya ngazi. Upole umekwisha.

"Kibali usahau."

"Kaa nacho," Etelvina akamwambia. "Wote hawa wamesikia ni saa ngapi tunatoka."

Jumapili saa tatu asubuhi aliingia barabara kuu mbele ya watu elfu moja, hana karatasi yoyote mkononi, na trafiki mwenyewe akasimamisha mabasi, akavua kofia.