Sanduku la Chumvi

Bushiri ni fundi cherehani, amepanga chumba cha uani kwangu hapa Bulyaga, na kodi hajawahi kuchelewesha. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Kijana mdogo, hanywi, hagombani na mtu, kodi inafika kabla sijaiulizia? Huyo anaficha kitu.

Kisha akaanza kuuliza kuhusu sanduku. Kikundi chetu cha vikoba kinaweka fedha kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Sanduku linakaa kwangu, ila ufunguo ninao mmoja tu. Wa pili anao Elina wa Kyimo, wa tatu Hellen wa Kiwira. Bila sisi watatu halifunguki. Bushiri akawa anakuja jikoni, ananisaidia kumenya ndizi, huku ananichimba.

"Mama Atu, mmoja wenu akifariki inakuwaje?"

"Nani afe?"

"Nauliza tu, Mama. Na mvua hii, sanduku halipati kutu?"

Nilikosa raha kabisa. Mle ndani mna jasho la akina mama wenzangu, na Desemba tunagawana. Nikaamua ahame. Ila kwanza nimkamate, nisije nikaambiwa nimemwonea mtoto wa watu.

Jumamosi nikamfuata hadi kibanda chake cha kushonea, nikasimama nje ya pazia la mlango na mwavuli wangu. Ndani kulikuwa na vijana. Sauti moja niliijua, ya Prisca, binti wa jirani.

"Leo leo tunaliiba sanduku la bibi," alikuwa anasema. "Funguo mbili tunazo."

Nikaingia, mwavuli mbele. "Mwe bandu, enyi watu! Sanduku lipi? Bushiri, mwisho wa mwezi huu uhame!"

Mezani palikuwa na ramani iliyochorwa kwa mkono, dadu, na vipande vya chumvi ya mawe. Bushiri akasimama. "Shikamoo, Mama. Ni mchezo."

Mchezo gani hauna mpira wala karata? Akanieleza, nami sikumwondolea macho. Kuna nchi ameibuni mwenyewe, ya mazimwi na mashujaa, na kila mchezaji anakuwa mtu wa huko. Mwanzoni walitumia dhahabu. Wakiua zimwi moja wanazoa pango zima la dhahabu, wananunua mji, mchezo umekwisha. Nani aamini pesa ya namna hiyo? Ndipo akaitazama mvua yetu ya Tukuyu, akabuni pesa ya chumvi. Ikilowa inayeyuka, kwa hiyo hakuna wa kuirundika hovyo. Anayetaka akiba aipeleke kwa bibi mmoja ambaye moto wa jikoni kwake hauzimi. Bibi huyo anaiweka juu ya kichanja, kwenye sanduku lenye makufuli matatu.

"Bibi gani?" nikauliza.

Prisca akacheka. Bushiri akatazama cherehani yake.

Nikakaa, nione mwisho wake. Vijana wakamwendea yule bibi kwa ujanja wa kila aina, huyu kajifanya mkwe, yule kajifanya mgonjwa, na mimi nikashindwa kunyamaza. "Asiwafungulie! Awaulize hizo funguo wamezitoa wapi!" Bushiri akanisogezea dadu, nikawa bibi mimi. Hakuna aliyeondoka na hata punje. Sikuwa nimefurahi vile tangu harusi ya Atuganile wangu.

Wakati wa kurudi nyumbani akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Bado nihame, Mama?"

"Kaa," nikamwambia. "Ila nakuangalia."

Na kweli nilikuwa namwangalia. Wiki iliyofuata nilikwenda dukani peke yangu, nikanunua kufuli la nne. Sikumwambia mtu, hata Elina. Jumamosi nikaenda tena kucheza, kufuli likiwa bado kwenye mkoba wangu. Bushiri akaanza kusimulia: tangu lile jaribio la wizi, bibi wa chumvi ameongeza kufuli la nne.

Nikaubana mkoba kwapani, nikamwuliza nani kamwambia.

"Hakuna, Mama," akasema. "Nilijua tu utanunua."