Kuulaza Mtufaha wa Baba

Watu wa kwetu wanayajua matufaha mawili tu: jekundu la kumpelekea mgonjwa hospitalini, na la kijani la wale wanaopunguza mwili. La manjano ukiwaonyesha wanauliza kama limeoza. Nadhani baba alilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alipostaafu kutoka kiwanda cha matunda kule Thika, alipitia kitalu kimoja kando ya barabara, akarudi nyumbani Gatongora, huku Ruiru, na mche mmoja wa mtufaha. Aina yake inaitwa dorset, akaniambia. Haijulikani sana, lakini huwahi kuiva kabla ya zile nyingine, na ngozi yake ikishakuwa ya manjano usingoje wekundu, hauji.

Mengine yote niliyajua nikimshikia ngazi Jumamosi. Mtufaha ni mti wa nchi za baridi. Huko kwao majani hupukutika yenyewe, mti ukalala, na ukiamka unachanua. Ruiru hakuna baridi ya namna hiyo. Hata ile ya Julai ni ya kutusumbua sisi tu. Mti usiolala hauzai. Kwa hiyo mwenye mti anaulaza kwa mikono: anaunyima maji, kisha anang'oa majani yote, moja moja, polepole asije akavunja macho ya maua yaliyo chini yake. Ni kazi ya kuchosha, na ukimaliza mti unabaki kama ufagio.

Mwaka jana alifanya kazi hiyo peke yake, maana nilikuwa na zamu kazini. Mama mwenye duka mkabala na geti letu akamwona: mzee mwenye mvi juu ya ngazi, ananyonyoa mti wenye afya, na anauambia lala, lala sasa. Akampigia simu kaka yangu mkubwa.

"Mzee ameanza kupotea," akamwambia. "Anauvua mti nguo."

Kaka alifika siku hiyo hiyo kwa gari lake kutoka kwake Kimbo. Aliona majani yametapakaa uani, akaona jani moja limenasa kwenye nywele za baba, akawa amemaliza uchunguzi. Nilieleza. Nilieleza mbele yake, mbele ya baba mdogo na mbele ya huyo mama wa duka, habari zote za baridi na za mti kulala, na nikaona wanavyonitazama, kana kwamba ugonjwa wenyewe unaambukiza.

"Sasa wewe, mti unalala aje?" kaka akaniuliza. "Na juzi si alisahau sufuria kwa moto? Tungoje achome nyumba?"

Ya sufuria ilikuwa kweli. Mimi pia huunguza sufuria, na hakuna aliyewahi kunihamisha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini kwetu mwenye gari ndiye anayeshika chanuo.

Baba aliambiwa ni kwa muda tu, mpaka daktari amwone. Akabeba nguo chache, akaniagiza nianze kumwagilia mti nikiona umechipua. Akapelekwa Kimbo, ghorofa ya nne, kwenye chumba kinachotazama ukuta wa jengo la jirani. Daktari alimwona, akasema kusahau kwake ni kwa kawaida ya umri. Kaka akasema madaktari wa siku hizi wana haraka, na baba akabaki pale pale. Nilimchukia siku hiyo na sijaacha. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu tumenyonya ziwa moja.

Mti ulichanua. Maua yalifunika matawi yote, meupe yenye rangi kidogo ya waridi, na wapita njia wakasimama getini. Nilimtumia kaka picha, akanijibu kwa alama ya kidole gumba. Baba alipoiona picha kwenye simu yangu aliuliza kama kuna nyuki.

Nilimwagilia kila nilipopata nafasi. Miezi ikapita, matunda yakajaa. Siku niliyoenda kuchuma nilikuta kufuli jipya kwenye geti na mapazia mageni dirishani. Msichana mwenye mtoto mgongoni alinifungulia kwa adabu. Walikuwa wamehamia mwisho wa mwezi, akasema, na kodi walimlipa kaka yangu.

"Chukua tu, auntie. Sisi tulikuwa tunangoja ziwe red, tukaona zimeharibika."

Nilichuma kwa hasira. Nilipanga kumwita kaka kwenye ngazi za jengo lake kule Kimbo na kumpa maneno yake huko huko, baba asisikie. Lakini ni baba aliyenifungulia mlango, na kaka alikuwa mezani nyuma yake. Baba aliuona mfuko. Akatoa tufaha moja, akalinusa, akalibonyeza karibu na kikonyo.

"Umechelewa siku mbili tatu," akasema. "Dorset haikai. Hizi zimalizwe leo."

Akaomba kisu, akaketi mezani, akakata vipande, akatoa mbegu, akatugawia. Lilikuwa tamu, lenye ukali kidogo mwishoni, laini kuliko yale ya dukani. Kaka alikula kipande, akachukua kingine.

"Hii ni poa," akasema, bado anatafuna. "Na huyo mpangaji hakukusumbua hapo kwa gate?"

Baba alikuwa ameshika tufaha la pili alikate.

"Mpangaji gani?" akauliza.

Kaka akanitazama mimi. Baba akaweka kisu mezani, akatutazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kwa macho ya mtu mwenye akili zake timamu.

"Kumbe mlijua sirudi," akasema. "Nyinyi wote wawili."

Mimi nilikuwa nimejua kwa muda wa kutoka Gatongora hadi Kimbo tu. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, lakini alikuwa ameshageuza kiti chake, anatazama dirishani, ule ukuta wa jirani.