Chai ya Majani ya Mzeituni

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita nikawa mkubwa wa nyumba. Tuliishi mtaa wa Chuno kwa bibi, mama mzaa mama, pamoja na wadogo zangu wawili. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili bibi alipata kidonda kisiginoni, kikakataa kufunga. Hospitali wakasema ni kisukari. Daktari alinivuta pembeni: sukari isiposhuka, mguu unaweza kukatwa.

Vidonge bibi alivimeza kwa kununa. Lakini jirani aliporudi Hija na pakiti ya majani makavu ya mzeituni, bibi aliipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa mti ule umetajwa ndani ya Kurani. Asubuhi na jioni alichemsha, akasema bismillahi, akanywa. Mimi nilipunguza muhogo na tui kwenye kisamvu, nikatulia nikijua bibi yuko njiani kupona.

Mwezi uliofuata, kliniki, sukari ilikuwa imepanda.

Muuguzi, mama wa makamo, aliuliza bibi anatumia nini. Nikataja na majani.

"Si machungu hayo? Bibi, unayanywaje?"

"Natia sukari, mwanangu. Vijiko vitatu tu."

"Bibi! Si ulikatazwa?"

"Nilikatazwa ya chai. Hii ni ya dawa."

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatueleza kwamba wataalamu wanayachunguza majani yale, na kwamba kile kinacholeta uchungu ndicho kinachodhaniwa kuusaidia mwili kutumia sukari. Anywe kidogo akipenda, ila vidonge asiache, na kipimo asikose.

Siku hiyohiyo nilipeleka kopo la sukari kwa jirani. Wadogo zangu wakawa wanakunywa chai huko.

"Mume gani huyu ananinyima sukari?" bibi alilalamika. Ndivyo alivyonitania tangu utotoni.

"Mume anayetaka mke mwenye miguu miwili."

Alikunywa machungu yake huku amekunja uso, akitusonya sote.

Sijui sifa niipe majani, vidonge au sukari iliyohama. Kipimo kilishuka, kidonda kikakauka pembeni, kisha katikati. Asubuhi moja nilifungua bandeji nikakuta ngozi mpya, laini. Bibi akawaita wadogo zangu waje waone. Wakakipapasa kisigino kwa zamu, mpaka akaurudisha mguu ndani ya kanga akicheka.

"Tokeni huko! Mnanitekenya."