Ajali Zote kwa Mama Tuma
Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Mtafiti mmoja hapa Songea alinipa simu ya kazi. Nilitakiwa kwenda kila palipotokea ajali kwenye barabara ya Peramiho, niulize chanzo, nijaze maelezo, kisha nibonyeze kitufe ili mahali hapo paingie kwenye ramani. Mimi naona aibu kuandika watu wakinitazama. Basi nilikuwa nauliza, nakariri, halafu nakuja kujaza mjini kwa Mama Tuma, muuza chai.

Juzi ramani ilioneshwa kwenye mkutano wa mtaa. Nukta nyekundu zote zilirundikana kwenye banda la Mama Tuma. Mwenyekiti akasema livunjwe, linawaziba madereva wasione mbele.

"Mwenyekiti, hapo kwangu hata kuku hajawahi kugongwa," Mama Tuma akasema.

Mtafiti akanigeukia. "Simu inashika mahali ulipobonyezea. Ulikuwa unabonyezea wapi?"

Mama Tuma akanijibia.

"Kwangu, mwanangu. Kila siku, na chapati mbili."

Wenzangu, ningesema nini pale? Niandikieni.